Gari yetu ilikuwa inalia, sisi hatukusikia

Maneno ya kamati ya gari mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Mwenyekiti ametupa dakika ishirini. Ametuomba tueleze mambo mawili: kwa nini gari ilikaa garajini karibu wiki sita, na feza ya matengenezo ilienda wapi. Tutaeleza yote mawili. Lakini kuna jambo la tatu ambalo yeye hakutuomba, na ndilo lililotunyima usingizi jana: tuko na deni kwa shofere wetu wa kwanza. Tutalifikia. Mutuvumilie kwanza, maana tutaongea sana habari ya kelele za magurudumu, na bila kuelewa zile kelele hamtaelewa kosa letu lilikuwa wapi.

Gari yetu munaijua. Ni RAV4 ya zamani, ilipitia Dar es Salaam kama nyingi za kwetu, volani iko kuume wakati sisi huku tunatembea kuume. Tuliinunua kwa michango yenu na kwa mkono wa marafiki. Inabeba wagonjwa, inabeba maiti, siku za harusi inabeba bibi-arusi, na tusifichane, kuna siku imebeba ndagala. Njia yake ni moja tu: Baraka, Mboko, Swima, Makobola, mpaka Uvira. Wote munaijua ile njia, mashimo yake na mito yake, hatuna haja ya kuisifu.

Kelele ilianza baada ya mvua kubwa. Shofere alivuka mto uliojaa, maji yakafika juu ya katikati ya magurudumu, na gari ikasimama ndani ya maji muda kidogo mpaka vijana wakaisukuma. Siku chache zikapita. Akaja kwetu akasema: "Wazee, kuna kitu kinaimba mbele. Nikitembea pole siisikii. Nikifika arobaini inaanza vuuu, nikifika sitini inakuwa kama nyuki mu mzinga." Tukamwambia sawa, tumesikia. Hatukuandika popote. Na hapa ndipo ubaya wa kelele ya namna hii: inakua pole pole. Leo ndogo, wiki ijayo imeongezeka kidogo, masikio yanaizoea. Mtu anaongeza sauti ya redio, basi, imekwisha.

Ile kelele ya kuimba, mara nyingi ni rulema. Wale tuliotoka Nyarugusu na Lugufu tulizoea kusema beringi, waliobaki huku wanasema rulema, ni kitu kimoja. Tunasema hivyo kwa sababu kuna siku garajini fundi aliagiza rulema, kijana wetu akamkatalia kabisa: "Hapana, fundi, tatizo ni beringi." Wakabishana dakika kumi kama mahakamani.

Rulema ni duara mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake kuna vijiwe vya chuma laini kabisa, vimekaa ndani ya girisi. Gurudumu linazunguka juu ya vile vijiwe. Pembeni kuna mpira unaozuia maji na vumbi. Sasa, gari imetembea, rulema imepata moto, unaiingiza ghafla ndani ya mto wa baridi: hewa iliyo ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia ule mpira, zaidi kama mpira umeshazeeka. Maji yanaharibu girisi, chuma kinashika kutu, kile kilichokuwa laini kama yai kinakuwa na vidonda. Kila kidonda kinapopita kinalia. Vikiwa vingi na mwendo ukiwa mkubwa, unasikia wimbo.

Katika gari kubwa, kama zile Land Cruiser za kazi, rulema za mbele zinafunguliwa, zinaoshwa, zinatiwa girisi mpya, zinakazwa tena kwa kipimo. Katika gari ndogo kama yetu imefungwa moja kwa moja. Ikiingia maji hakuna dawa, inabadilishwa. Kuna mtu aliwahi kutuuzia wazo la kuichoma sindano ya girisi. Tunashukuru Mungu hatukuwa na feza siku ile.

Sasa njia tuliyopita sisi.

Fundi wa kwanza alisikiliza akiwa amesimama nje, akasema ni mapine. Tukanunua mawili mapya Uvira, dola 160. Hatumlaumu sana, kwa sababu pine lililoliwa vibaya, lenye mabondemabonde, linaimba kabisa kama rulema mbovu. Hata mafundi wakubwa wanachanganya. Lakini kulikuwa na njia ya kujua bila kutoa hata franga moja. Unatoa mapine ya mbele unayapeleka nyuma, ya nyuma unayaleta mbele, unatembea. Kelele ikihamia nyuma, ni mapine. Ikibaki mbele, sio. Na pia: pine linabadilisha sauti kufuatana na ardhi. Ukitoka kwenye lami pale Uvira ukaingia kwenye udongo, sauti ya pine inageuka au inapotea. Rulema haijali, inaimba wimbo wake ule ule. Sisi tulifunga mapine mapya, tukatembea, vuuu iko pale pale.

Fundi wa pili akasema ni bwate, yaani giaboksi. Akaifungua. Wiki mbili gari imelala juu ya mawe, tumelipa dola 90, kazi pamoja na mafuta mapya. Alipoirudisha, vuuu. Hapa pia kulikuwa na njia ya bure. Ukiwa kwenye kipande kilichonyooka na hakuna watu, unafika ule mwendo ambao kelele inasikika vizuri, unatoa gia, injini inashuka, gari inateleza yenyewe. Musizime injini, tafadhali, maana volani itakuwa nzito na breki zitakuwa ngumu. Kama kelele inashuka pamoja na injini, tafuta kwenye injini. Kama inaendelea na kushuka tu kadiri gari inavyopunguza mwendo, basi inatoka kwenye vitu vinavyozunguka na magurudumu. Hilo halisafishi bwate yote, kwa maana ndani yake kuna sehemu zinazofuata magurudumu hata bila gia. Lakini lingetosha kutuzuia tusifungue kitu kikubwa kabla ya kupima kitu kidogo.

Garaji ya tatu, huko Uvira, walisema rulema. Kweli! Lakini walisema ya mbele kushoto, kwa sababu waliisikia kushoto. Mwili wa gari ni bati tupu, sauti inatembea ndani yake kama ndani ya ngoma. Inaweza kuzaliwa kuume, wewe ukaisikia kushoto. Wakabadilisha ya kushoto, dola 45 kitu chenyewe na 20 kazi. Waliiingiza kwa nyundo. Mmoja wetu alikuwa pale, aliona kwa macho, na hakusema neno kwa sababu hakujua. Tutarudi kwa ile nyundo.

Gari ikarudi Baraka. Bado inaimba. Shofere akasema, sisi tukasema: hii gari imeshatumaliza, itembee hivyo hivyo.

Siku iliyofuata ndiyo ile siku.

Mama mmoja wa kwetu, mjamzito, uchungu ulikuwa umemkamata tangu usiku, wakasema apelekwe Uvira. Waliondoka wakiwa wamechelewa. Wakati giza linaingia, walikuwa kati ya Mboko na Swima. Shofere akasikia kitu kingine: ko, ko, ko. Pole pole, kufuata mzunguko wa gurudumu. Volani ikaanza kutetemeka mikononi. Akasimama.

Munajua kusimama kwenye ile njia wakati giza linaingia ni nini. Watu ndani ya gari wakapiga kelele. Mume wa yule mama akasema huyu anataka feza. Wakampigia mmoja wetu wa kamati, naye kwa simu akamwambia shofere: "Endelea, baba, ni kelele ile ile ya zamani." Shofere akajibu: "Hapana, mzee. Ile ilikuwa inaimba. Hii inagonga." Akakata simu.

Akachukua tochi, akashuka. Gurudumu la mbele kushoto lina nati tano, wengine munasema bulo. Mbili hazikuwepo. Tatu zilizobaki alizizungusha kwa vidole. Akainua gari na kriki, akatoa nati moja kwenye gurudumu la nyuma kushoto na nyingine nyuma kuume, akazifunga mbele, akakaza zote, akashusha, akakaza tena. Kila gurudumu la nyuma likabaki na nne. Ilichukua karibu dakika arobaini. Wakafika Uvira kwa mwendo wa pole. Mama alijifungua salama, mtoto yuko, wengine wenu mumemuona.

Kesho yake familia ilileta mashitaka kwamba shofere aliwachelewesha makusudi. Sisi kamati tulikaa, tukasikiliza familia, tukasoma ujumbe kwenye simu, tukamsimamisha kazi. Hatukuinama hata mmoja kuangalia gurudumu. Yeye alituambia habari ya nati, tukasema: nani aliona? Miezi miwili alikaa nyumbani bila mshahara.

Tulijuaje kwamba alisema kweli? Si kwa akili yetu. Shofere wa pili naye alilalamika kelele ya nyuki, ikawa inaingia hata kwenye meno. Ndipo wakatuelekeza kwa fundi mmoja mzee ambaye anafanya kazi nje ya nyumba yake, hana hata kibao. Huyu hakushika spana kwanza. Aliingia ndani ya gari, akasema tutembee.

Kwenye kipande cha wazi akamwambia shofere afike hamsini, kisha azungushe volani kidogo kushoto, kidogo kuume, kama mtu anakwepa mashimo. Tulipokwenda kushoto, kelele ikapanda. Tulipokwenda kuume, ikanyamaza karibu yote. Akatuuliza: "Munaelewa?" Hatukuelewa. Akatueleza: gari ikikata kushoto, uzito wake wote unaegemea kuume, kama nyinyi ndani ya pirogi. Rulema ya kuume inabebeshwa mzigo, kama ni mgonjwa inalia. Ikikata kuume, inapumzika. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa kuume tangu siku ya kwanza. Ya kushoto walitoa nzima.

Kisha akainua mbele kuume, akaweka jiwe nyuma ya magurudumu mengine na gogo chini ya gari, maana kriki sio ya kuaminiwa. Akashika gurudumu, mkono mmoja juu, mmoja chini, akalitikisa. Lilicheza kidogo. Akamwambia kijana akanyage breki, akatikisa tena. Mchezo ukapotea. Akasema: breki inashikanisha kile kinachozunguka na kile kisichozunguka, kwa hiyo kama mchezo unapotea, ulikuwa kwenye rulema. Kama ungebaki, ungekuwa kwenye rotile au mahali pengine kwenye miguu ya gari. Tena akaweka mkono wake kwenye springi, mkono mwingine akazungusha gurudumu. Akatuita tushike, mmoja mmoja. Ile springi ilikuwa inatetemeka kama kuna mchanga ndani. Tulikwenda upande wa kushoto tukashika, kimya. Kwa mara ya kwanza tukaelewa kwa mikono kile ambacho mtu alikuwa anatuambia kwa mdomo tangu mvua.

Wakati tuko kushoto, ndipo fundi alipotoa gurudumu na kunyamaza. Akatuonyesha janti. Matundu yake mawili hayakuwa mviringo tena, yalikuwa yamevutwa kama yai, na nyuzi za bulo zilikuwa zimelika. Akauliza: "Hii gari ilishatembea na nati zimelegea. Nani aliikomboa? Kidogo tu gurudumu lingewaacha." Tuliangaliana. Hakuna aliyejibu.

Kwa hiyo sikilizeni habari ya nati, hasa nyinyi wenye taksi. Fundi akitoa gurudumu na kulirudisha, nati zinakazwa kwa mfano wa nyota, kuruka moja, sio kuzunguka kwa kufuatana. Zinaanzwa gurudumu likiwa juu, zinamalizwa likiwa limegusa chini. Na baada ya kutembea kilomita 50 mpaka 100, unasimama unakaza tena. Baraka na Uvira ziko karibu mbali hivyo, yaani ilitakiwa kukaza ile ile siku gari ilipofika. Hakuna aliyefanya. Ile garaji hatutaitaja, tumeongea nao sisi wenyewe. Na sisi tulikuwa na ufunguo wa magurudumu ndani ya gari siku zote.

Na ile nyundo. Rulema mpya inasukumwa kwa presi, pole pole, na nguvu inakaa kwenye duara lile linalobana, sio lile lingine. Ukiigonga, au ukiisukuma kwa duara lisilo lake, vile vijiwe vinapiga alama ndogo ndani ya chuma, nayo inaanza kuharibika siku ile ile ya kuzaliwa. Fundi mzee ametuambia ya kushoto bado iko kimya, lakini tuitegee masikio. Ya kuume aliipeleka mahali penye presi, dola 45 na 20.

Sauti zingine tutasema haraka, kwa sababu muda. Ukikata kona mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta, ukasikia ta-ta-ta-ta, hiyo ni kichwa cha kardani. Angalia ule mpira wake, utakuta umepasuka na girisi imerukia kila mahali. Ikilia kama filimbi na inabadilika ukigusa breki, plaketi zinakwisha. Ikiwa inakwangua, zimeshakwisha, chuma kinakula chuma, usingoje mshahara. Ikigonga kwenye mashimo tu, nenda kwenye rotile na amortisere. Ikiwa tik-tik na inafuata mwendo, angalia kwanza kama kuna kijiwe kwenye meno ya pine, kabla ya kuogopa. Wiki iliyopita tulisikia mkwaruzo mbaya sana, watu wakashuka, mama mmoja akaanza kuomba. Ilikuwa changarawe imeingia kati ya diski na lile bati la nyuma yake. Tulirudi nyuma mita chache, ikatoka.

Hesabu. Mapine 160, bwate 90, rulema ya kushoto 65, ya kuume 65. Jumla dola 380. Kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa 65. Mapine hayakupotea, yanatumika, na ya zamani yalikuwa yanakaribia mwisho. Lakini dola 90 za bwate na 65 za kushoto, hizo tulizitupa kwa kukisia. Marafiki zetu wa mbali, risiti zote ziko kwa mweka hazina, na hizo za makosa yetu hatukuzitoa kwenye fungu.

Sasa shofere. Yuko hapa, amekaa kule nyuma karibu na mlango, hataki kuja mbele. Baba, tulikukosea. Ulisema ukweli mara mbili, mara ya kwanza kuhusu kile kinachoimba, mara ya pili kuhusu kile kinachogonga, na mara zote mbili tuliamini watu ambao hawakuwa wameshika volani. Tumekwenda kwake nyumbani kabla ya leo, tukakaa na mke wake na wazee wa ukoo, tukaomba msamaha. Familia ya yule mtoto nayo imekwenda, yenyewe, hatukuituma. Mshahara wa miezi miwili tutaulipa sisi watano wa kamati kutoka mifukoni mwetu, sio kutoka feza ya wagonjwa, sio kutoka kwa marafiki. Nusu imeshalipwa.

Amekubali kurudi. Ametoa sharti moja: akiwa njiani akasema gari isimame, asipigiwe simu na mtu aliyeketi nyumbani. Sisi tumekubali, lakini tunataka na nyinyi muinue mikono, iandikwe kwenye sheria ya gari. Na kuna daftari, hili hapa. Kila shofere akisikia kitu anaandika siku, mwendo, njia ya namna gani, inaimba ao inagonga, inabadilika akikata kona ama hapana. Mtu wa kamati anatia sahihi siku ile ile.

Mukisha kupiga kura, gari iko pale nje chini ya mwembe. Tumeiinua upande wa kushoto, iko juu ya magogo, na shofere amekubali kuwaonyesha. Anayetaka kushika ile springi aje ashike. Watoto wakae mbali.